Somo la Kumi na Mbili: Kuunganisha Sabufa



Msimu mmoja wa korosho, darasa letu la jioni lilikaa kusikiliza bei za mnada redioni. Mwanakisomo mmoja alileta sabufa yake kutoka nyumbani ili wote tusikie. Mimi mwenyewe niliiweka kwenye kona ya darasa. Mimi mwenyewe nilizungusha besi mpaka mwisho. Mabati yalitetemeka. Watoto walikuja kuchungulia dirishani. Mtangazaji alisoma bei, na kila mtu akaiandika kwenye daftari lake. Tulipolinganisha, nusu ya darasa walikuwa wameandika mia sita mwishoni, na nusu walikuwa wameandika mia tisa.

Kwa mtu mwenye kilo 500 za korosho, tofauti ya shilingi 300 kwa kilo ni shilingi 150,000. Si jambo la kucheka. Mama mmoja mtu mzima aliinua mkono akasema, "Mwalimu, ngoma nimeisikia. Bei sijaisikia."

Leo tutajifunza kuunganisha sabufa na kuirekebisha, ili ngoma isikike na bei isikike.

Chukua kalamu. Andika neno sita. Chini yake andika neno tisa. Tazama herufi zake. Ni herufi zile zile nne! Tofauti ni mahali pa s na mahali pa t. Sasa tamka s peke yake. Tamka t. Sauti hizi ni nyembamba, zinatoka kwenye ulimi na meno. Sauti nzito ikizidi, huzifunika. Ndivyo ilivyotokea darasani kwetu.

Sabufa hufanya nini?

Sauti ni mtetemo. Weka mkono kooni, kisha guna. Umeusikia mtetemo? Ngoma kubwa ya msondo hutetemeka polepole, na sauti yake ni nzito. Filimbi hutetemeka haraka sana, na sauti yake ni nyembamba. Sikio zima la kijana husikia sauti kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde.

Spika moja haiwezi kutoa sauti zote hizo vizuri. Kwa hiyo kazi imegawanywa. Sabufa ni lile boksi kubwa. Hutoa sauti nzito tu, yaani zile za mitetemo michache, chini ya 150 hivi kwa sekunde. Spika ndogo hutoa sauti zinazobaki. Maneno ya watu husikika zaidi kwenye spika ndogo. Kumbuka jambo hilo, maana wengi huzitupa spika ndogo nyuma ya kabati wakidhani kazi yote ni ya boksi kubwa.

Mwaka 1974 huko Marekani ilionyeshwa filamu iitwayo Earthquake, yaani tetemeko la ardhi. Kwenye majumba ya sinema waliweka spika kubwa za sauti nzito, na watazamaji wakahisi viti vikitikisika. Leo tunayo sabufa sebuleni. Lakini wale walitaka tetemeko, sisi tunataka taarifa ya habari.

Soma kabla ya kununua

Wewe sasa unajua kusoma. Kwa hiyo usikubali kusomewa na muuza duka. Mbele ya boksi mara nyingi utaona namba kubwa, kama 5000W, na pembeni yake herufi P.M.P.O. Namba hiyo ni ya kupendezesha boksi. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata kuipata. Geuza boksi, tazama kibandiko kidogo cha nyuma, karibu na waya wa umeme. Hapo huandikwa 220-240V, 50Hz, na pengine wati ambazo chombo kinakula, kwa mfano 50W. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kuiamini.

Tufanye hesabu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Sabufa inayokula wati 50 itamaliza uniti moja kwa saa 20. Hiyo si gharama kubwa. Lakini mwenye sola ndogo afikiri vizuri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 tu. Sabufa hiyo ikila wati 50 zote, betri haitamaliza saa mbili, na betri inayokaushwa kila siku hufa mapema. Tena sabufa ya 220V haichomekwi kwenye betri moja kwa moja. Huhitaji inveta.

Kuunganisha

Kwanza, hakikisha plagi haijachomekwa. Nyaya zote huunganishwa umeme ukiwa mbali.

Unganisha spika ndogo. Nyuma ya sabufa kuna matundu yenye herufi L na R. L ni kushoto, R ni kulia. Kushoto na kulia ni kwako wewe unayesikiliza, si kwa boksi. Spika nyingine zina pini, unachomeka tu. Nyingine zina nyaya mbili tupu, na vibanio vyekundu na vyeusi. Hapo uwe mwangalifu. Waya wenye alama au mstari uingie kwenye kibanio chekundu, na ule mwingine kwenye cheusi. Fanya hivyo hivyo kwa spika zote. Ukigeuza nyaya za spika moja tu, spika moja itasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Zitashindana. Sauti itakuwa kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Chombo hakijaharibika, zima tu umeme ugeuze nyaya.

Sasa unganisha televisheni au king'amuzi. Tumia waya wenye pini nyekundu na nyeupe. Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe. Ukiona pini ya njano, hiyo ni ya picha; sabufa haina kazi nayo. Kwenye televisheni tafuta matundu yaliyoandikwa OUT, yaani ya kutoa sauti. Kwenye sabufa tafuta yaliyoandikwa IN au INPUT, yaani ya kupokea. Watu wengi huchomeka matundu ya kupokea pande zote mbili, kisha wanakaa kimya wakingoja sauti.

Punguza sauti mpaka chini kabisa. Ndipo uchomeke plagi na kuwasha. Halafu bonyeza kitufe cha INPUT au cha rimoti mpaka uchague AUX au AV. Ikiwa imesimama kwenye USB, hutasikia televisheni hata ukipandisha vipi.

Kuhusu plagi nina neno. Soketi zetu ni za pini tatu, na sabufa nyingi huja na plagi ya pini mbili. Nimewaona watu wakifungua tundu la juu kwa kalamu au kijiti ili plagi iingie. Nimeona hata nyaya tupu zikichomekwa kwenye soketi kwa vijiti. Usifanye hivyo. Nunua adapta nzuri. Fyuzi ikiungua, nunua fyuzi yenye namba ile ile. Usiifunge kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa sababu siku hiyo hakutakuwa na kitu cha kukata umeme, na nyumba inaweza kuungua. Boksi usilifungue. Hata plagi ikiwa imechomolewa, ndani kunaweza kubaki umeme wa kukurusha.

Mahali pa kuiweka

Sabufa ikiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huirudishia sauti nzito, nayo huongezeka. Hiyo ndiyo ilikuwa kosa langu la kwanza. Isogeze kutoka kwenye kona, hatua moja au mbili. Iweke sakafuni, si juu ya kabati, maana kabati litaimba pamoja nayo.

Iko njia nzuri ya kutafuta mahali, ingawa watoto wako watakucheka. Weka sabufa pale unapokaa wewe, juu ya kiti chako. Piga wimbo wenye besi. Kisha inama, tembea chumbani polepole ukisikiliza. Mahali pengine besi itavuma mno, mahali pengine itapotea. Pale ambapo utasikia kila pigo safi, hapo ndipo mahali pa sabufa. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu sikio halitambui vizuri sauti nzito sana inatoka upande gani. Sauti nyembamba sikio huitambua. Kwa hiyo spika ndogo ziwekwe mbele yako, moja kila upande wa televisheni, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Kurekebisha

Watu hurekebisha sabufa kwa muziki. Mimi nakushauri uanze na mtu anayesema. Fungulia taarifa ya habari. Weka kitufe cha BASS chini kabisa, na cha TREBLE katikati. Pandisha VOLUME mpaka maneno yasikike pale unapokaa. Sasa pandisha besi kidogo kidogo. Ukisikia mtangazaji anavuma kama anasemea ndani ya pipa, umepita. Rudi nyuma. Halafu piga wimbo. Pengine utaona besi ni kidogo kuliko ulivyozoea. Kaa nayo siku mbili kabla ya kuipandisha.

Ukisikia mkwaruzo au mpasuko, punguza mara moja. Hapo chombo kimezidiwa, na waya mwembamba ulio ndani ya spika unaanza kupata moto.

Seti kubwa zaidi huandikwa 5.1, yaani spika ndogo tano na sabufa moja. Sabufa zake nyingine zina kitufe chenye namba kutoka 40 hadi 150. Hicho huamua sauti nzito zinaishia wapi. Anza na 80, kisha usikilize.

Usiku punguza besi zaidi. Sauti nzito hupenya ukuta kuliko maneno. Jirani hasikii wimbo wako, anasikia du, du, du mpaka alfajiri.

Mazoezi

1. Sabufa inakula wati 40. Uniti moja itamalizika kwa saa ngapi?

2. Tazama nyuma ya sabufa yako au ya rafiki yako. Nakili kwenye daftari maneno na namba zote za kibandiko.

3. Kaeni watu wawili au zaidi, msikilize taarifa ya habari. Kila mmoja aandike namba tano za kwanza atakazozisikia. Linganisheni. Zikitofautiana, punguzeni besi, kesho msikilize tena.