SOMO: HONGO HUANZA NA ZAWADI

Leo tujifunze kutoka mchezo wa kriketi.

Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini, aliaminiwa sana. Januari 2000 mchezesha kamari alimwomba mechi na Uingereza, iliyoharibiwa na mvua, isiishe sare. Hakuambiwa ashindwe. Akapewa pesa na koti la ngozi. Ilionekana jambo dogo tu.

Lakini Machi, huko India, yeye mwenyewe aliwaahidi wachezaji wake wawili dola 15,000 kila mmoja wacheze vibaya makusudi. Polisi wa Delhi walinasa simu zake, na Oktoba akafungiwa maisha. Nasi Kenya yalitufika: mwaka 2004 Maurice Odumbe, aliyewahi kuwa nahodha wetu, alifungiwa miaka 5 kwa kupokea pesa za mchezesha kamari.

Sasa tujiangalie. Mwenye duka akimpelekea mweka hazina wetu sukari kabla hatujanunua mbegu, sukari hiyo inanunua nini? Tukubaliane: kila zawadi itajwe mkutanoni na iandikwe kitabuni.

Tujadiliane:
1. Kwa nini ni vigumu mdogo kumkatalia kiongozi wake?
2. Kwetu, zawadi huishia wapi, hongo ikaanza?