Somo: Gari la Mbio Lililotumika, Kabla Hujalilipia

Wapenzi wengi wa magari nchini Kenya hutamani kumiliki gari la bei nafuu watakaloliendeleza hatua kwa hatua ili kushiriki mbio za njia fupi iliyofungwa, maarufu kwa jina la otokrosi. Gari linalotafutwa sana ni Subaru Impreza WRX, ambalo ni la ukoo mmoja na lile alilotumia Colin McRae kushinda Safari Rally mwaka 1997. Kwa kuwa kanuni ya KS 1515:2000 hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, matoleo ya zamani hupatikana kwa wamiliki walio humu nchini tu. Gari la namna hiyo huwa limepita mikono mingi, na si kila mkono ulilitunza.

Fundisho la somo hili ni moja: nunua uzima wa gari, usinunue nguvu zake.

Gawanya fedha kabla ya kutafuta gari

Tuseme una shilingi 1,000,000. Ukinunua gari kwa shilingi 950,000, fedha zinazosalia hazitatosha breki, magurudumu na mafuta mapya, nawe utashawishika kuingia njiani na vifaa vilivyochakaa. Ni afadhali gari la shilingi 650,000 ambalo halijaguswa, ukabaki na 350,000 za matengenezo. Jihadhari na gari ambalo mwenyewe anajivunia kuliongezea nguvu. Hujui nani alifanya kazi hiyo, wala injini imebeba mzigo huo kwa muda gani. Wahenga walisema rahisi ghali.

Kagua injini ingali baridi

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti uhakikishe. Injini yenye moto huweza kuficha maradhi yake. Fika na fundi usiyeletewa na muuzaji, mkague yafuatayo:

1. Moshi. Wa buluu huonyesha kuwa injini inachoma oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huashiria kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.
2. Sauti. Mgongo mzito unaoongezeka unapokanyaga mafuta ni dalili ya beringi za ndani kuisha. Usiendelee na mazungumzo ya bei.
3. Mgandamizo wa kila silinda. Vipimo vya silinda zote 4 vikaribiane.
4. Mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Pasipo risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.
5. Magurudumu. Gari hili huendeshwa na magurudumu yote 4. Yakitofautiana kwa ukubwa au uchakavu, difu ya kati huumia.
6. Bodi. Tazama kutu, alama za kuchomelea na rangi zisizolingana.

Hati na sheria

Pata rekodi ya gari kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), uone kama jina la mmiliki ni la huyo anayekuuzia, au kama kuna mkopeshaji aliyesajiliwa pamoja naye. Usikubali kulipa kwa ahadi kwamba umiliki utahamishwa baadaye.

Fahamu pia kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) haimlindi aliyekagua bidhaa dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Tena, muuzaji asiyefanya biashara ya magari hachukuliwi na sheria hiyo kuwa ametoa ahadi ya ubora. Kwa hiyo kila analokuambia kuhusu gari liandikwe katika mkataba na kutiwa saini. Soma vilevile hati yako ya bima: kwa kawaida bima ya gari hailipi hasara inayotokea katika mbio.

Utaratibu wa kuliendeleza

Anza na oili, maji, mkanda na mipira ya injini. Zifuate breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Yakipata moto mkali huchemka, pedali ikazama na gari lisisimame. Kisha nunua magurudumu bora, kiti imara, mikanda ya usalama na helmeti, ndipo ugeukie shokomzoba. Nguvu za injini ziwe za mwisho, kwa maana gari lisiloweza kusimama halihitaji kwenda kasi zaidi.

Maswali ya kujipima

1. Je, fedha za matengenezo nimezitenga kando ya bei ya gari?
2. Je, nimeiona injini ikiwashwa ingali baridi?
3. Je, muuzaji ndiye mmiliki aliyesajiliwa?

Ukijibu "la" kwa swali hata moja, usilipe.