Kijito chetu kitatoa umeme kiasi gani?

SWALI: Kijito cha kwetu Mufindi hakikauki, na kina poromoko la mita 20. Kinaweza kuwasha taa kijijini?

JIBU: Kimo pekee hakitoshi, ndugu yangu. Zidisha mita hizo kwa lita zinazopita kila sekunde, kisha kwa 9.81; jibu ni wati. Tuseme ni lita 50: unapata kama wati 9,800. Hizo ni za kwenye karatasi. Bomba, turbaini na jenereta hula chao, na kwa mtambo mdogo mimi hukata asilimia 40 bila huruma. Zinabaki kilowati 6 hivi, yaani uniti kama 140 kwa siku mtambo usipozimwa. Taa, redio na simu za nyumba 50 zinatosheka. Majiko ya umeme sahau, na mashine ya kusaga ya kilowati 7.5 haitazunguka.

Huko huko Mufindi kuna mtambo wa umeme wa maji wa Mwenga, megawati 4, nao bado huitwa mtambo mdogo!

Wengi hupima maji masika, wakajuta baadaye. Pima Oktoba au Novemba, kijito kikiwa kimekonda, na kabla ya kununua hata bomba moja, omba kibali cha maji kwenye bodi ya bonde lenu.