Asidi Inapomwagikia Ngozi: Funzo Kutoka Katika Kalorimita

Mtu amemwagikiwa asidi mkononi. Aliye karibu naye, akikumbuka kwamba asidi na alkali zikikutana huzaa chumvi na maji, anakimbilia chupa ya alkali ili kuiondolea asidi ukali wake. Nia yake ni njema na kemia yake ni sahihi, lakini amesahau zao la tatu la mmenyuko huo, nalo ni joto. Makala haya yanaeleza namna joto hilo linavyopimwa, na kwa nini kipimo chenyewe kinatuelekeza kwenye maji.

Kalorimita ni chombo kisichopoteza joto kwa urahisi, chenye themomita ndani yake. Tutie humo mililita 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita, kisha mililita 50 za sodiamu haidroksaidi ya nguvu hiyohiyo, zote zikiwa na nyuzi 25.0 za Selsiasi. Themomita itapanda hadi karibu nyuzi 31.8.

Joto lililotolewa hupatikana kwa kuzidisha tungamo la mchanganyiko, joto maalumu la maji na badiliko la halijoto. Tukichukulia kwamba mchanganyiko una gramu 100 na tabia ya maji, tunapata:

100 × 4.18 × 6.8 = jouli 2,842, yaani takriban kilojouli 2.84.

Mililita 50 za asidi hiyo zina moli 0.05. Kwa hiyo:

2.84 ÷ 0.05 = kilojouli 56.8 kwa moli.

Kwa kuwa joto limetoka katika mmenyuko, badiliko la enthalpi huandikwa kwa alama hasi: kilojouli −56.8 kwa kila moli ya maji iliyoundwa.

Nyuzi 6.8 zaweza kuonekana si kitu. Lakini enthalpi huhesabiwa kwa moli, ilhali ngozi huunguzwa na halijoto. Tukirudia jaribio kwa vimiminika vyenye moli 5 kwa lita, joto litaongezeka mara tano ndani ya ujazo uleule, na halijoto itapanda kwa takriban nyuzi 34, hadi karibu nyuzi 59. Kimiminika cha moto kiasi hicho huweza kuunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Majeruhi atakuwa na kidonda cha asidi, cha moto, na pengine cha alkali iliyozidi, maana hakuna awezaye kupima moli juu ya mkono wa mtu anayelia kwa maumivu.

Sasa tutazame tena kanuni yetu. Jouli zilezile 2,842 zikisambaa katika ndoo ya maji ya lita 20, halijoto hupanda kwa nyuzi 0.03 tu. Tungamo likiwa kubwa, halijoto haipandi. Hii ndiyo sababu tunataka maji mengi yanayotiririka, wala si kitambaa kilicholoweshwa: asidi kali ya salfuriki hutoa joto hata inapochanganyika na maji yenyewe, na maji machache hayawezi kulibeba joto hilo.

Kwa hiyo, vaa glavu, mvue majeruhi nguo na mapambo yaliyoguswa na asidi, kisha osha mahali palipoathirika kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20. Ikiwa ni jicho, lifungue na uelekeze maji yasitiririkie jicho la pili. Baada ya hapo mpeleke kituo cha afya, ukitaja jina la kemikali au ukichukua chupa yake.

Tahadhari moja ibaki akilini: chokaa kavu ambayo haijazimwa hutoa joto kali ikikutana na maji. Hiyo ipanguswe kwanza ikiwa kavu, ndipo maji mengi yafuate.