Matembezi ya Chama: Vidokezo kwa Mtumishi Mgeni wa Kifanya

Umepangiwa kazi Kifanya, baridi imekupokea, na humjui mtu zaidi ya mwenye nyumba wako. Chama cha watu wa fani yako, kiwe cha walimu, wauguzi au mabwana shamba, kitakupa marafiki haraka. Si kwenye vikao lakini, ni kwenye matembezi.

1. Toa mchango mapema. Kosta haikodiwi kwa ahadi. Mfuko ukiwa haujakaa vizuri, mnong'oneze mweka hazina wiki kadhaa kabla. Ukimkimbia, atakutaja mbele ya watu.

2. Anzeni na ya karibu. Kamati hutaja Zanzibar, fedha hazitoshi, mwaka unaisha hamjaenda kokote. Maporomoko ya Luhuji yako hapo hapo Njombe mjini. Kuna mashamba ya chai Luponde. Jumamosi moja inatosha, na Jumapili waimba kwaya wanawahi ibadani bila kununa.

3. Kitulo ni kwa msimu wake. Hii ndiyo safari ninayoipigia debe kuliko zote. Hifadhi hiyo ya Taifa ilitangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo okidi 45 hivi. Maua hutamalaki tangu Desemba hadi Aprili, maana yake mtayaona mkiwa mmelowa. Mkichagua Agosti kwa kuogopa matope, mtakuta majani makavu na upepo. Uwanda uko juu sana, mita 2,600 hivi, kwa hiyo hata aliyezoea baridi ya Kifanya abebe sweta la pili. Raha yake ni kwamba mnatembea kwa miguu bila hofu ya simba. Laleni huko usiku mmoja. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kuona kioo cha gari tu. Wala asichimbe mtu kitu: viazi vya okidi husafirishwa Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ndio uliochangia eneo lile kulindwa. Mwalimu wa baiolojia atataka kuhutubia. Mpeni dakika kumi.

4. Mkielekea Songea, anzieni Yakobi. Makumbusho ya Majimaji ya Songea yanawaenzi mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka tarehe hiyo hukumbukwa. Ila Vita vya Majimaji vilifika hapa kwetu pia: misheni ya Yakobi ilishambuliwa Septemba 1905. Mtafuteni mzee wa hapo awasimulie, mkae chini mmsikilize, simu mfukoni. Makumbusho yatawaingia zaidi baadaye.

5. Ulanzi, pombe ya mianzi, una ngazi. Msimu wa mvua mianzi inagemwa, na mgeni hukaribishwa. Mtogwa ni mtamu, mpya, hauna makali. Mkangafu ni habari nyingine, hasa mkuu wako wa kazi akiwa ameketi kiti cha pili. Uliza unapewa upi kabla ya kupokea kikombe kwa mikono miwili. Asiyekunywa aseme mapema apewe chai. Hakuna atakayemlazimisha, na wanaolazimisha waachwe mwaka ujao.

6. Kazi ibaki kazini. Madaraja, malimbikizo, uhamisho: vina kikao chake.

7. Salimia kwa lugha ya hapa. "Kamwene" inatosha kuanzia, ukimwinamia kidogo aliyekuzidi umri. Utachekwa matamshi. Cheka nao, kisha wafundishe salamu ya kwenu. Mnyakyusa, Mhaya na Mmakonde wakiwa gari moja, utani hauhitaji ratiba.

8. Hesabu zisomwe mkiwa njiani kurudi. Mweka hazina asimame karibu na dereva, ataje mapato, mafuta, chakula na salio. Kila mwanachama yumo ndani, hakuna wa kusema hakuwepo, na salio lipangiwe safari ijayo kabla gari halijafika Kifanya na watu kuanza kushuka mmoja mmoja.