Ukimpenda Aliyekuzidi Umri, Mpende Mchana Kweupe

Haya wadogo zangu, leo kikao ni cha wavulana. Wasichana mnaruhusiwa kubaki, ila msiwacheke kaka zenu, maana wengine wamechukua wiki nzima kupata ujasiri wa kuniuliza.

Swali lenyewe linakuja hivi: "Dada, nina miaka 27, nimempenda mwanamke wa miaka 41. Nianzeje?" Mwingine hana hata salamu: "Dada, wanapatikana wapi?" Wewe wa swali la pili, wanawake hawauzwi Kariakoo mpaka uulize mtaa na duka. Tulia, nitakufikia.

Kwanza mjue msimamo wangu. Mwanamume wa miaka 55 akioa binti wa miaka 28, tunakwenda, tunakula pilau na kuomba tuongezewe nyama. Mwanamke wa miaka 41 akionekana ameshikana mkono na kijana wa miaka 27, mtaa mzima unapata kazi ya kufanya: kijana kalishwa limbwata, mama kapata wazimu, dunia imekwisha. Mimi umri haunisumbui. Mkiwa wote ni watu wazima na wote mmeridhia, sina neno. Kinachonikera ni mapenzi ya kujificha. Kijana anaingia kwa mwanamke saa nne za usiku, anatoka kabla ya adhana ya alfajiri, halafu mchana wakikutana sokoni anamwita "mama mdogo" mbele ya rafiki zake. Mwanamke mzima, aliyezaa, aliyelea, aliyezika, unamfanya siri! Hapo lazima tugombane.

Sasa tuje kwenye salamu, maana wengi mnaanguka hapo hapo mlangoni. Umemwona kwenye harusi, kavaa sare ya kamati, kapendeza. Umejikusanya, umetengeneza kola, umesogea, halafu mdomo unakutoka: "Shikamoo!" Naye kwa adabu zake anaitika, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Basi, nenda zako ukapange foleni ya chakula. Wengine mnakimbilia upande wa pili: "Niaje mrembo, mambo vipi?" Huyo ofisini kwake anaongoza watu kumi, na wewe unamsalimia kwa lugha ya kijiweni. Sema "Habari za leo, dada," jitambulishe kwa jina lako na kazi yako, uliza swali moja la maana kisha usikilize jibu mpaka liishe. Kama tofauti ya umri ni kubwa na malezi yako yanakuzuia kuacha shikamoo, mwamkie tu. Siku atakapokutaka, atakukataza mwenyewe kumwamkia, na siku hiyo utajua kazi yako imekwenda vizuri.

Usimsifie kwa kumkumbusha miaka. "Kwa umri wako bado unalipa" ni tusi lililovaa nguo za sifa. "Unafanana sana na mama yangu" ndiyo kabisa, sijui nani aliwafundisha. Msifie alivyo leo: sauti yake, alivyoendesha kikao, alivyochagua hicho kitenge. Na ukishapata namba yake, usimtumie "Uko?" mara sita kwa siku. Yuko. Yuko kazini, yuko kwenye kikoba, yuko hospitali na mama yake, yuko kwenye kikao cha shule cha mwanawe. Mtumie ujumbe wenye kichwa na miguu: "Ijumaa jioni ukitoka kazini tunaweza kula samaki Ferry?" Mwanamke wa umri huo anapenda mtu anayejua siku, saa na mahali.

Wewe wa "wanapatikana wapi", zamu yako imefika. Wapo pale pale wanapoishi maisha yao: kwaya, kamati za harusi, madarasa ya jioni, vikundi vya kukimbia asubuhi, mikutano ya wazazi, maduka yao wenyewe. Ukienda huko kwa ajili ya kuwinda, watakujua ndani ya dakika tano. Nenda kwa sababu unapenda kuimba au kukimbia, urafiki utakuja wenyewe.

Kabla moyo haujakimbia, uliza kama yuko huru. Mume anayeishi mkoa mwingine bado ni mume. Ndoa ya kanisani ambayo wenyewe wametengana bila kuivunja mahakamani bado ni ndoa mbele ya serikali. Na kwa Waislamu, mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na hairuhusiwi kumposa waziwazi kabla eda haijaisha. Msubiri. Kijana anayeshindwa kusubiri eda ataweza kusubiri nini?

Wanaosema kumpenda mwanamke aliyekuzidi umri ni mila za kigeni huwa nawakumbusha Bibi Khadija bint Khuwaylid. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka, mjane, na alimkabidhi Mtume Muhammad (S.A.W.) bidhaa zake azipeleke Sham. Alipoona uaminifu wake katika mali ya watu, posa ikatoka upande wake yeye, kwa kumtumia rafiki yake Nafisa. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema yeye alikuwa na miaka 40 na Mtume miaka 25. Wakaishi pamoja takriban miaka 25, na Mtume hakuoa mke mwingine mpaka Bibi Khadija alipofariki. Angalieni jambo moja hapo, wadogo zangu: Mtume alichaguliwa kwa amana na kazi yake. Hakuchaguliwa kwa kifua wala kwa suruali ya kubana.

Nanyi hapo ndipo mnaponikasirisha, kwenye pesa. Wapo wanaotafuta mwanamke mkubwa kwa sababu moja, kulelewa. Mtaani tuna majina yao, serengeti boy, marioo, kibenteni, na wao wameshayazoea hata wanayacheka. Wiki ya kwanza anaomba vocha. Ya pili anaomba kodi. Ya tatu anasema bodaboda imeharibika injini, "na nitumie na ya kutolea." Mdogo wangu, ya kutolea pia! Kuzidiwa kipato na mwanamke hakuna aibu yoyote. Aibu ni kukaa umenyoosha miguu. Una elfu tano? Nunua umeme. Huna? Osha gari lake, rekebisha bomba linalovuja, mpeleke mama yake kliniki, pika siku anayochelewa kurudi. Mwanamke aliyebeba nyumba peke yake kwa miaka kumi atakumbuka siku mtu alipomwambia, "Kaa, leo nimepika mimi," kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Na kama unaipigia hesabu nyumba yake ya Mbezi, sikia sheria inavyosema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa yenyewe haihamishi umiliki wa mali. Alichokuja nacho ni chake. Mkiachana, mahakama inagawa mlichochuma pamoja, na mali ya kabla ya ndoa inaingia kwenye hesabu pale tu ilipoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenza wake au kwa juhudi za wote wawili. Sheria hiyo hiyo inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na haikuandika "isipokuwa mke akiwa amemzidi umri." Tena mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi kiasi cha kujulikana kama mume na mke, mahakama inaweza kuwachukulia kuwa wameoana. Kwa hiyo hizo begi zako unazohamisha kidogo kidogo, kwanza shati, kisha spika, kisha godoro, zina maana yake kisheria.

Dada zangu mnaosoma pembeni, na ninyi nina neno lenu. Akikuomba mtaji, andikishaneni, hata kama anakuita malkia. Na usimpe kijana gari lako atambe nalo mjini ikiwa hathubutu kukaa nawe kiti cha mbele.

Mwili. Hapa tuongee bila kupepesa macho, kwa sababu wengi mnaingia mkiwa hamjui chochote. Uwezo wa mwanamke kushika mimba unapungua kuanzia katikati ya miaka ya thelathini, na unapungua kwa kasi zaidi akikaribia arobaini. Hedhi kwa wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kama wewe unataka watoto wanne na yeye ana miaka 46, hilo ni la kusemwa mwezi wa kwanza, mkiwa mmekaa mnatazamana. Usimngoje ampende mama yako, azoee kukufulia, ndipo ukumbuke ukoo wenu unahitaji mrithi. Yeye naye aseme kama amemaliza kuzaa, na ukisikia hivyo usijifanye utambadilisha. Upande wa pili, mwanamke wa miaka 44 anayeendelea kupata hedhi, hata kama inarukaruka, anaweza kushika mimba, kwa hiyo "huyu ameshapita umri" si njia ya uzazi wa mpango.

Kipindi cha kuelekea kukoma hedhi kinaweza kuja na joto la ghafla, usingizi kukatika na ukavu ukeni unaoleta maumivu. Akikwambia "leo hapana", hajakuchoka, na hana mwanamume mwingine. Fungua dirisha, mletee maji, muulize anataka nini. Vilainishi vya maji vinauzwa maduka ya dawa. Msitumie mafuta ya nazi pamoja na kondomu za mpira, zinapasuka. Na pimeni VVU nyote wawili kabla ya yote. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini Tanzania ni asilimia 4.4, wanawake asilimia 5.6 na wanaume 3.0. Utu uzima wake haukukingi, na ujana wako haumkingi yeye.

Sasa mama yako. Najua ndiye anayekunyima usingizi. Huenda huyo unayempenda na mama yako walicheza rede uwanja mmoja, na siku ya utambulisho wakakumbatiana kabla hujafungua mdomo. Utakachofanya ni kumwambia mwenyewe, mapema, kabla jirani hajampelekea habari imeshatiwa chumvi. Usianze na umri. Anza na mtu: ni nani, anafanya kazi gani, anakufanyia nini, wewe unamfanyia nini. Atalia. Atasema umerogwa. Muache aseme, usimjibu kwa ukali, kesho yake rudi ukamsalimie kama kawaida. Tafuta mjomba au shangazi anayekuelewa, awe mdomo wako. Na mambo yakifika kwenye posa, tuma mshenga na barua kama mwanamume mwingine yeyote. Usimpunguzie heshima hata kidogo kwa sababu aliwahi kuolewa.

Kuna na watoto wake, na huyo mkubwa pengine mlimaliza kidato cha nne mwaka mmoja. Usimlazimishe akuite baba. Usimtume dukani. Kama picha ya marehemu baba yao iko ukutani sebuleni, iache pale pale, hata kama inakutazama wakati unakula. Waonyeshe wazi kwamba hukuja kwa ajili ya urithi wao, nao watakuzoea kwa mwendo wao.

Maneno ya watu mtayapata, sitawadanganya. Kenya, mwaka 2003, Wambui Otieno, mwanamke aliyepigania uhuru na Mau Mau na ambaye mwaka 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi yake ya kugombea kumzika mumewe, aliolewa akiwa na miaka 67 na Peter Mbugua, fundi mawe wa miaka 25. Magazeti yalijaa. Ndugu walikasirika. Wambui na Mbugua walioana kisheria, mbele ya kamera, na wakaendelea kuwa mume na mke mpaka Wambui alipofariki mwaka 2011. Watu wanaweza kubishana juu ya ile miaka 42 kati yao, na wengine watabishana milele, lakini hakuna aliyeweza kuwanyooshea kidole kuwa walijificha. Wengine hunitajia Emmanuel Macron wa Ufaransa, aliyezaliwa 1977, na mkewe Brigitte, aliyezaliwa 1953. Mimi mfano huo siutumii kuwashauri, kwa sababu walifahamiana yeye akiwa mwanafunzi na Brigitte akiwa mwalimu shuleni kwake. Mwanafunzi na mwalimu hapana. Ninazungumza na watu wazima peke yao, na kijana chini ya miaka 18 anayefuatwa na mtu mzima, awe mwanamke au mwanamume, aende akamwambie mzazi au mtu mzima anayemwamini.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, kwa hiyo hata ukijificha wameshajua. Mama muuza chapati anajua. Mlinzi anajua. Asiyejua nafasi yake ni huyo mwanamke tu, anayesubiri wewe uamue kama yeye ni mtu wako au ni mtu wa usiku. Kama unampenda, kabla mwezi huu haujaisha tembea naye mchana, mpeleke kwa mtu mmoja wa kwenu na umtaje kwa jina lake. Kama huwezi, mwambie leo, uso kwa uso, ajipange na maisha yake.