Jasho la Mtoto wa Chekechea

SWALI: Mtoto wangu ana miaka 4, yuko PP1 hapa Siongiroi. Hurudi nyumbani sweta imelowa jasho, na juzi nilipopita shuleni nilimkuta akihema sana katika mchezo wa kukimbizana. Mwalimu asema ni mchezo tu. Je, moyo wake hauchoshwi kupita kiasi? – Mama wa Siongiroi.

JAWABU: Mwalimu amekuambia kweli, mama, ijapokuwa ameisema kwa ufupi mno hata akakuacha na wasiwasi wako. Kuhema kwa mtoto wa umri huo katikati ya mchezo si dalili ya madhara, maadamu akisimama kidogo pumzi humrudia, midomo yake haibadiliki rangi, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kudai mchezo uanze upya. Moyo wa mtoto wa miaka 4, hata akiwa ameketi kimya, aghalabu hupiga baina ya mara 80 na 120 kwa dakika, na akikimbizwa na wenziwe huweza kufika 180 na zaidi. Hesabu ambayo babu yake angepelekwa nayo hospitali mbio, lakini kwa mjukuu ni maumbile yake tu.

Hakika mtoto mdogo hakimbii kwa namna aliyokimbia Wilson Kiprugut Chumo, yule mwana wa Kericho aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964 katika mita 800, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusimama njiani kutazama kipepeo. Mtoto huchomoka, husimama, hucheka, kisha huchomoka tena. Na wataalamu wa Marekani waliowachunguza watoto wa miaka 6 hadi 10, wakatangaza matokeo yao mwaka 1995, waliona kwamba juhudi kubwa ya mtoto kwa kawaida hudumu sekunde 3 tu kabla hajapunguza mwendo. Basi breki anayo mwenyewe, na hatari huanza pale mkubwa anapomnyang'anya breki hiyo, kama vile kumzungusha uwanja kwa adhabu, jambo ambalo mimi siliiti mchezo kabisa.

Lakini niruhusu, mama, nikugeuzie swali lako, kwa kuwa katika viwanja vingi vya chekechea nilivyovitazama tatizo si kuzidi bali ni kupungua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limeagiza kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 apate dakika 180 za kuchezesha viungo kwa siku nzima, na katika hizo zisipungue 60 za kumpandisha pumzi. Na safari ya kwenda shule kwa miguu, hasa akiharakishwa, yaingia katika hesabu hiyo. Sasa tazama michezo yenyewe. Ukuti, kwa uzuri wake wote, ni mwendo mwepesi. Mchezo wa nyama, ambamo mtoto huruka kila linapotajwa jina la mnyama wa kuliwa, ni wa wastani. Kukimbizana ndiko kunakopandisha moyo barabara. Tena mchezo ule ule hubadilika kwa jinsi unavyopangwa: watoto 30 wakipewa mpira mmoja wa karatasi za nailoni na kuwekwa mstarini, kila mmoja atarusha mara moja kisha asimame akichezea vifungo vya shati. Na katika mchezo wa kati, anayepigwa kwanza na mpira akatolewa ni yule mzito wa miguu, ambaye ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya kukimbia, naye hukaa chini ya mti akiwatazama wepesi wakizidi kuwa wepesi. Mwalimu mwenye hekima humrudisha uwanjani baada ya kuruka mara tano, au hugawa darasa makundi madogo yenye mipira yao.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo hayangoji: mtoto kuzimia akiwa mbioni, kulalamika kifua, midomo kugeuka buluu, kukohoa na kukoroma kifuani kila akikimbia, au kushindwa na mbio ambazo wenziwe wa rika moja wazimudu. Fauka ya hayo, maumivu ya koo yenye homa yasipuuzwe, kwani mengine yasipotibiwa huleta homa ya baridi yabisi, nayo huharibu vali za moyo. Na Tenwek, hapo hapo Bomet, wapasuaji hushughulika na mioyo ya vijana ambao huenda asili ya maradhi yao ilikuwa koo tu. Ukiona lolote katika hayo, mpeleke kwa tabibu kabla ya kipindi kijacho cha michezo.

Ama kuhusu jasho, asubuhi za huko zina baridi, na mtoto huvalishwa kwa baridi hiyo kisha akakimbizwa na sweta yake mwilini. Mwombe mwalimu awavue watoto sweta kabla ya mchezo na kuwavika baada yake, wapewe maji, na wewe usimtoe nyumbani bila uji au chai ya maziwa.